Daktari wa Kukaa Naye

Hebu mwone anavyoingia. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, amefunga kitenge cha bluu juu ya gauni jeusi ingawa hana msiba mpya wowote. Anapita geti la hospitali pale Singida mjini asubuhi, upepo unamvuta mtandio upande mmoja, naye hana nguvu za kugombana na upepo. Anatembea polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Akifika kwenye benchi la wagonjwa haketi mara moja. Anatoa kwanza kanga iliyokunjwa kwenye mkoba, anaitandika, anaipapasa, ndipo anakaa, na hata hapo anakaa pembeni. Kama wewe ni mwanamke, umeshaelewa. Kama ni mwanaume, vuta subira, utaelewa sasa hivi.

Jina lake Evodia. Manyoni wanamjua kwa cherehani. Ana kibaraza chake karibu na soko, anashona sare za shule, magauni ya kwaya na nguo za wanawake wanaotaka kitu kiwakae vizuri mwilini bila kelele. Mumewe, Elisha, alikwishatangulia mbele za haki. Watoto, Dina na wadogo zake, aliwalea kwa kukanyaga mashine ile, wakakua, wakatawanyika. Na sasa, wakati ambao mwili wake ungepaswa kumwachia apumzike, mwili ukaanza vurugu. Damu ya mwezi ikawa haijui mwezi. Inakuja inapotaka, inakaa inavyotaka, inatoka kwa mabonge. Fundi anakaa kutwa nzima, na kukaa kutwa nzima na hali ile ni kazi juu ya kazi.

Usidhani alikuwa hajatafuta tiba. Madaktari amewaona mpaka amechoka. Wa kwanza alikuwa kijana mpole, alimsikiliza vizuri, akamwandikia vidonge, akamwambia arudi. Aliporudi akaambiwa daktari amekwenda kusoma. Wa pili alikuja na kambi ya mabingwa, mama mmoja mchangamfu, akampitisha kwenye altrasaundi, akamwonyesha vivuli kwenye kioo: uvimbe kwenye kizazi. "Tutakufuatilia," akasema yule mama, na Jumamosi gari la kambi likaondoka pamoja na huo ufuatiliaji wake. Wa tatu alimwona Dodoma. Huyo hakuinua uso. "Kizazi kinatolewa. Anayefuata!" Wa nne akashangaa ni nani aliyemwambia kizazi kinatolewa.

Na kila mmoja alianza na yale yale. Ilianza lini? Inatoka kiasi gani? Umezaa mara ngapi? Evodia alisimulia, akasimulia tena, mpaka maneno yakamwishia uchungu, yakawa kama habari za mtu mwingine aliyewahi kukutana naye stendi.

Ndipo akaamua kwamba safari hii atachagua mwenyewe. Na fundi wa nguo za wanawake ana njia zake. Mwanamke akishasimama mbele ya fundi, mikono juu, futi imemzunguka kifuani, hana kovu la kuficha wala habari ya kuficha. Evodia akawa anapima huku anauliza. Nani alikupasua hapa? Alikuambia nini kabla ya kukupasua? Na ukirudi, anakukumbuka? Hili la mwisho ndilo alilolishikilia.

Majibu yakaanza kuelekea upande mmoja. Yuko mtu Singida, bingwa wa magonjwa ya wanawake, wote wanamwita Daktari Mzee. Alianza kazi nywele zikiwa nyeusi na sasa ni nyeupe, na hakuhama. "Mimi alinikumbuka mpaka na mguu wangu unaouma," mama mmoja alisema, "na mguu si kazi yake." Mwingine akasema: "Hana haraka ya kisu. Anakwenda kama mtu aliyewahi kukosea na hakusahau."

Stumai, ambaye anauza vitunguu ubavuni mwa cherehani na hakuna neno linalompita, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mama Dina! Unachagua daktari kama unachagua mchumba!"

"Mchumba nilichaguliwa," Evodia akasema, sindano mdomoni. "Huyu niache nimchague mwenyewe. Nataka daktari wa kukaa naye."

Basi ndiyo hiyo safari uliyomwona akiwasili. Akasubiri, akaitwa, akaingia. Chumbani mlikuwa na nesi kijana, Pendo, na nyuma ya meza mzee mfupi mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama, karibu. Kaa. Ugonjwa usiniambie kwanza. Niambie unatoka wapi, na huko wewe ni nani."

Evodia akashusha pumzi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasema anatoka Manyoni, ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kintinku, mjane. Akataja watoto. Wa kwanza Dina, huyo ameolewa upande wa Ikungi.

"Ikungi kwa nani?" Daktari akauliza, anaandika.

"Kwa akina marehemu Mzee Alute. Mumewe anaitwa Laurian, ni mwalimu."

Kalamu ikasimama. Daktari akavua miwani, akaifuta, akairudisha, na aliporudisha hakumtazama tena Evodia. Alitazama kalenda ukutani.

"Laurian wa Mzee Alute ni mdogo wangu," akasema. "Baba yangu na Mzee Alute ni tumbo moja. Mimi ndiye Melkizedeki. Harusini sikufika, nilikuwa zamu." Kisha akasimama, mzee mzima, akainamisha kichwa. "Mama, naomba nikurudishie shikamoo yako. Haikuwa yangu. Shikamoo."

Evodia akajikuta amekwishageuza uso kuelekea mlangoni. "Marahaba," akaiambia bawaba ya mlango.

Pendo akaanza kucheka. Akawaona walivyo, akaacha.

Nyie mliokulia mjini mtasema hiki ni kichekesho. Lakini kwa akina Evodia mkwe hatazamwi usoni. Laurian akija Manyoni kumsalimu, mama mkwe huanza kuondoka kwa mlango wa uani, na salamu hupitia kwa Dina, na chakula hupitia kwa Dina. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, akaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na heshima ile ina uzito wake. Na ndugu wa mkwe ni mkwe vile vile, hata awe na mvi kichwa kizima, hata awe amemzidi mama mkwe umri. Iko siku upande wa mume huleta mbuzi na blanketi, aibu ikaondolewa, watu wakala sahani moja. Siku hiyo kwa Laurian ilikuwa haijafika. Mzee Alute alifariki, mambo yakasimama.

Daktari Melkizedeki akaongea na kalenda kwa muda mrefu.

"Mama, chumba hiki hakina ukwe, kina ugonjwa tu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowaambia wengine. Lakini utakayerudi nyumbani na jambo hili ni wewe, siyo mimi. Sitakulazimisha. Yupo Daktari Benjamin chumba cha pili, kijana mzuri, ana mikono safi. Ila nisikufiche. Mwaka huu huu anakwenda kusoma."

Evodia akacheka, kicheko kile cha mtu asiye na pa kukiweka. "Wote wanakwenda kusoma."

"Sisi tuliosoma zamani tumebaki wachache," Daktari akasema. "Pendo, mama apimwe damu kwanza, na nitaandika dawa ya kuongeza damu. Na mama asikae sana na jambo hili. Nikiangalia tu viganja vyake, damu imeshuka."

Akaondoka na vidonge. Kupimwa kwenyewe hakupimwa. Ndani ya basi alifumba macho mpaka Manyoni, na hakulala.

Siku zilizofuata akaenda Kintinku kwa shangazi yake Agripina, dada wa baba yake, ambaye ndiye aliyebaki wa kuulizwa. Alimkuta anapepeta mtama. Akamweleza yote, na shangazi hakuacha kupepeta.

"Si wanaleta mbuzi na blanketi, shangazi?" Evodia akauliza. "Tukiwaambia walete mapema je?"

Ungo ukatulia.

"Mbuzi anaondoa aibu ya mezani," shangazi akasema. "Anaondoa aibu ya njiani. Hiyo unayoitaja wewe, mwanangu, haina mbuzi wake."

Usimchukie Shangazi Agripina. Siku ile ile alimchinjia jogoo, akamchemshia rozela nyekundu kwa ajili ya damu, akakaa mlangoni mpaka akahakikisha amekunywa yote. Na alipokuwa anaagana naye alimshika mkono na kuuangalia, mweupe kwenye kucha, akasema taratibu: "Tafuta mwingine. Dunia haina daktari mmoja."

Stumai yeye hakuwa na subira hiyo.

"Mficha uchi hazai, Mama Dina."

"Nimeshazaa. Wamenitosha."

"Haya. Basi huyo bingwa wako akupime kama ulivyompima Laurian! Shati la Krismasi si ulimshonea kwa kulilaza shati lake la zamani mezani? Na wewe tuma gauni lako la zamani Singida, walilaze kitandani, walipige altrasaundi."

Evodia alicheka mpaka akainama, halafu kule kuinama kukamletea kizunguzungu, ikabidi Stumai amshike. Vicheko vyake siku hizi vilikuwa vinaishia hivyo.

Akajaribu kuvumilia. Akasema atakwenda kwa yule Daktari Benjamin, halafu akijiona tena anasimulia, ilianza lini, inatoka kiasi gani, anaahirisha. Akasema atasubiri kambi nyingine ya mabingwa. Akasema labda itakoma yenyewe, umri si umefika? Kuchoka kuna ujanja wake, msomaji wangu. Kunamfanya mtu aone kusubiri ni kupumzika.

Mpaka ikafika siku ya gauni la Komunyo. Jeupe, la satini, la mtoto wa mwalimu mmoja, limebaki kukunjwa upindo tu. Evodia alikuwa amelilaza mapajani, anashona kwa mkono. Akasimama kumsalimu mteja, dunia ikazunguka, akakaa tena vibaya juu ya kitambaa. Alipoinuliwa, kila mtu pale kibarazani aliona. Mteja akageukia barabarani, akajifanya anatafuta bodaboda. Stumai akaacha vitunguu, akavua kanga yake mwenyewe, akamfunga kiunoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Evodia hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia. Alikaa kwenye mkeka, analitazama gauni la mtoto, akawaza jambo moja tu: kwamba aibu aliyokuwa anaikimbia kule Singida imekuja kumkuta kibarazani kwake, mbele ya soko, na hakuna aliyeiletea mbuzi.

Akanunua satini nyingine, akashona upya, akamaliza kazi ya watu kwa siku yake. Kisha akapanda basi.

Safari hii alipoingia hakusalimu. Alisimama karibu na mlango, ubavu wake kwa Daktari, akamgeukia yule nesi.

"Mwanangu Pendo, mwambie daktari nimekuja."

Pendo akatazama huku, akatazama kule. Meza na mlango vilikuwa havijaachana hata hatua tano. "Mama, si yuko hapa hapa?"

Lakini mzee alikuwa ameelewa. Akageuza kiti chake kidogo, akatazama dirisha.

"Mwambie mama karibu sana. Mwambie nilikuwa namngoja."

Na ndivyo walivyofanya, hao watu wawili, kwa namna ambayo hakuna chuo kilichowafundisha. Walifanya kama wakwe wanavyofanya tangu zamani wakiwa na neno lisilokwepeka: wakamweka mtu katikati. Habari zote za damu zikapita kwa Pendo, tangu mwanzo, kisha Pendo akavuta pazia. Evodia akapanda kitandani, shuka likamfunika, na uso akaufunika kwa kanga.

"Muulize mama, hapa panauma?"

"Mama, hapa panauma?"

"Mwambie panauma."

"Muulize, kunachoma au kunavuta?"

"Mwambie kunavuta. Kama mtu anavuta uzi, mshono wote unakunjamana."

"Amesema..." Pendo akaanza, akasimama. "Jamani, si mmesikia wenyewe?"

Chini ya kanga kikatoka kicheko, kitanda kikatikisika. Daktari naye akacheka huku amegeukia ukuta, mabega yanapanda na kushuka, akasema, "Mwambie mama atulie kidogo, tukicheka siwezi kupima." Wakatulia. Mikono yake ilikuwa na joto, na haikuwa na haraka. Kabla haijagusa mahali ilisema kwanza, kupitia kwa Pendo, inapokwenda.

Alipomaliza alirudi nyuma ya pazia, akanawa, akaongea kutokea huko huko.

"Mwambie mama uvimbe upo, na si mmoja. Nimechukua kinyama kidogo, kitapelekwa kupimwa. Ale dawa ya damu bila kuruka. Damu ikipanda nitamfanyia upasuaji, mimi mwenyewe. Baada ya hapo atakuwa anakuja kila nikimwita, na mimi nitakuwepo."

"Mwambie nimesikia."

"Na mwambie habari zake asihangaike kuzisimulia tena. Mimi nimeshazijua."

Pendo akageuka kulifikisha neno hilo, akakuta halihitaji kufikishwa. Chini ya kanga Evodia alikuwa analia, yale machozi aliyokuwa hakuyapata siku ya gauni jeupe. Pendo akamwekea mkono begani, akangoja. Kule nyuma ya pazia maji yaliendelea kutiririka bombani, muda mrefu kuliko mikono ya mtu inavyohitaji.

Majibu ya kinyama yalikuja mazuri, si ule ugonjwa mbaya aliokuwa anauogopa bila kuutaja. Damu ikapanda pole pole. Siku ya upasuaji ikapangwa, na hospitali ikasema kama inavyosema kwa kila mtu: aje na ndugu wa kukaa naye wodini, na waje ndugu wa kuchangia damu. Jirani ni mtu mwema, lakini kwenye mambo hayo ukoo huulizwa. Evodia akaenda Kintinku.

Alimweleza shangazi habari za uvimbe, za majibu, za siku iliyopangwa. Mwenye mikono hiyo hakumtaja. Shangazi Agripina alishukuru Mungu kwa sauti, akasema wodini atakaa yeye mwenyewe, hata kama ni kulala sakafuni, mgongo wake umezoea. Halafu akafika kwenye damu. Dina ananyonyesha, wadogo zake wako mbali, basi akahesabu vijana wa ukoo mmoja mmoja. Huyu yuko Sekenke anachimba dhahabu, hapatikani kwenye simu. Yule ni mwembamba kama fito, akitolewa damu tutazika wawili. Kisha akapiga paja.

"Laurian si yupo? Kijana mzima kama maksai! Atachangia yeye."

"Laurian, shangazi? Damu ya mkwe, iingie kwangu?"

"Damu haina aibu, mwanangu. Ikishaingia ndani nani ataiona? Mtu anataka kufa, wewe unauliza mkwe!"

Akasema hivyo kwa ukali wa upendo, kama jambo ambalo hata mtoto angelijua, na wala hakugeuka kulitazama neno lake mwenyewe lilivyoanguka. Evodia alilitazama. Alilitazama kama kitambaa ambacho hajui upande upi ni wa nje.

Shangazi akasogeza kigoda, akamkaribia. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Sasa niambie, huyo daktari uliyempata ni nani? Maana huyo sasa ni wetu, na mimi nitakuwa naye pale pale wodini. Nataka nimwombee kwa jina. Mradi si yule."

Evodia akafungua mdomo. Alikuwa amechoka kuficha damu, na sasa akaona kwamba daktari naye ni wa kufichwa, yule yule aliyehangaika hivi kumpata, ambaye akimpoteza ataanza tena, ilianza lini, inatoka kiasi gani. Na mbele yake mwanamke aliyemlea alikuwa anangoja, mkono sikioni ili asikie vizuri.

Wewe, ungekuwa umekaa pale kwenye mkeka wa Kintinku, ungemtajia shangazi yako jina lile?